Mzee Amelazwa na Miguu Haina Nguvu: Namna ya Kuamua Kama Utengamao Utamfaa

Mzee wa miaka 80 akilala wodini wiki moja, faili lake mara nyingi huandikwa maneno mawili: "mzee, hajiwezi." Neno la pili halisemi kama hajiwezi tangu mwaka juzi au tangu Jumatatu, na uamuzi karibu wote wa utengamao, yaani mazoezi na msaada wa kumrudishia uwezo alioupoteza, umejificha hapo. Aliyepoteza uwezo ndani ya siku au wiki chache, kwa ugonjwa unaotibika, ana nafasi nzuri ya kuurudisha. Aliyekuwa akishuka polepole kwa miaka hatarudi mbali, ila huenda lipo jambo moja au mawili ya kumrejeshea.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu, mafizio (wataalamu wa tiba ya mazoezi) na ndugu wanaouguza katika hospitali za wilaya na mikoa, ambako daktari bingwa wa wazee hayupo na fizio ni mmoja kwa wodi zote. Vifaa vinavyotakiwa ni vichache: mashine ya presha, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, futi kamba, na kiti imara chenye mikono.

Fanya tathmini mapema, ndani ya siku mbili tatu za kulazwa. Wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, waliojitolea kulala kitandani siku 10 kwa utafiti walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mwenye nimonia na asiyekula hupoteza haraka zaidi, kwa hiyo kungoja "apone kwanza ndipo aanze mazoezi" ni kumwongezea kazi.

Hatua ya 1: Ulizia alivyokuwa wiki mbili kabla ya kuugua

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Muulize mgonjwa mwenyewe, kisha mtu anayeishi naye. Mtoto aliyefika jana kutoka Dar au Nairobi na ndiye anayelipa bili anamkumbuka mama wa Krismasi iliyopita. Mjukuu anayelala chumba kimoja na bibi anajua aliamka mara ngapi usiku na nani alimshika mkono kwenda chooni.

Uliza vitendo. Swali la "alikuwa na nguvu?" hujibiwa "ndiyo, alikuwa mzima kabisa" hata kwa mtu aliyekuwa akibebwa. Uliza hivi: Aliinuka kitandani bila kushikwa? Aliogaje, na nani alimpelekea maji? Choo ni cha shimo au cha kukaa, na aliweza kuchuchumaa na kuinuka? Alifika sokoni, msikitini au kanisani kwa miguu, na alipumzika mara ngapi njiani? Pesa na simu alizishika mwenyewe? Dawa zake alikumbuka? Alianguka mwaka huu? Nguo zake zimelegea?

Majibu hayo yapange kwenye mizani ya udhaifu ya Rockwood, iliyotoka Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, mwaka 2005, na ambayo sasa ina ngazi 9. Ngazi 1 hadi 3 ni wanaojimudu. Ngazi ya 4 anajitegemea lakini amepungua kasi na huchoka mchana. Ngazi ya 5 anahitaji msaada wa mambo makubwa ya nyumba: pesa, usafiri, dawa, kazi nzito. Ya 6 hawezi shughuli za nje bila msaada, na kuoga anasaidiwa. Ya 7 anategemea wengine kwa kuoga, kuvaa na choo, ingawa hali yake imetulia. Ya 8 anategemea kwa kila kitu na anakaribia mwisho wa maisha. Hata ugonjwa mdogo unaweza kumshinda. Ya 9 ni mgonjwa wa hatua za mwisho anayetarajiwa kuishi chini ya miezi 6, hata kama bado anatembea.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kumpa ngazi kwa hali ya leo kitandani. Kwa hali ya leo kila mwenye nimonia kali ni ngazi ya 7. Wa pili ni wa kwetu zaidi: mzee wa kiume ambaye hajawahi kupika maishani mwake, au bibi anayeletewa maji ya kuoga na wajukuu kwa heshima, si tegemezi kwa sababu hiyo. Tenganisha "hafanyi" na "hawezi". Swali linalosaidia: "Wajukuu wakisafiri siku mbili, angefanyaje?"

Usitumie mizani hii kwa walio chini ya miaka 65, wala kwa mwenye ulemavu wa siku nyingi uliotulia. Aliyeugua polio utotoni na kutembelea magongo miaka 60 atapewa ngazi mbaya asiyostahili.

Hatua ya 2: Tafuta kinachomlaza ambacho kinatibika

Kabla ya kusema mazoezi hayatamsaidia, ondoa vinavyomkandamiza. Kikubwa na kinachokosewa zaidi ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee anayepiga kelele na kung'oa dripu huonekana na wote. Aliyenyamaza, anayelala mchana kutwa, hasumbui mtu. Ndugu husema "anapumzika". Huyo wa pili yuko hatarini pia, na ndiye anayeandikwa "hashirikiani na mazoezi".

Mpime kwa 4AT, kipimo kifupi cha kuchanganyikiwa chenye maswali manne. Ni dakika mbili hivi. Kwanza tazama uamkaji wake: akiwa mzito wa usingizi au mwenye fujo kupita kawaida, alama 4. Pili, muulize umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu: kosa moja alama 1, mawili au zaidi alama 2. Tatu, ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma: akifikisha 7 hana alama, akianza na kuishia kabla ya hapo au akikataa ni 1, asipoweza kupimwa ni 2. Nne, kama akili imebadilika ghafla au inapanda na kushuka, alama 4. Jumla ya 4 au zaidi: amini amechanganyikiwa hadi ithibitike vinginevyo, tafuta chanzo. Alama 1 hadi 3 huweza kuashiria tatizo la kumbukumbu.

Wazee wengi wetu hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tarehe ambayo hakuijua tangu ujana usiihesabu kuwa kosa la leo. Asiyesoma shule hushindwa miezi hata akiwa mzima. Mwambie ataje siku za wiki kurudi nyuma, na uandike kwenye faili kwamba ulibadilisha swali. Wala usidanganyike na adabu. Ukimwambia "shikamoo" atakuitikia "marahaba" vizuri kabisa na kukuulizia watoto, huku hajui yuko hospitali.

Kupima usahaulifu wa uzeeni ni jambo jingine, na usilifanye wakati amechanganyikiwa. Subiri atulie. Kwa asiyesoma, kipimo cha IDEA kilichotengenezwa kwa utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kinafaa kuliko vile vya kuchora na kuandika: kina alama 15, swali mojawapo ni kupanga njiti nne za kiberiti kwa mfano, na alama 7 kushuka chini huashiria usahaulifu wa kiugonjwa.

Vingine pitia haraka, kila siku: maumivu yasiyopewa dawa, haja kubwa iliyokwama (pima kwa kidole, usitegemee kuambiwa), kibofu kilichojaa, upungufu wa damu na wa maji, sukari, miwani iliyobaki nyumbani. Kagua dawa. Diazepam, amitriptyline na chlorpheniramine, hii wengi huiita piriton, zinaweza peke yake kumlaza mzee na kumchanganya. Mpira wa mkojo uliowekwa siku ya kwanza "ili tupime mkojo" na kusahaulika humfunga kitandani na kumletea maambukizi. Kama hakuna sababu iliyoandikwa leo, utoke leo.

Hatua ya 3: Je, ni salama kumwinua?

Mwone daktari kwanza kama ana maumivu mapya ya kifua, oksijeni ya damu chini ya asilimia 90 akiwa ametulia, namba ya juu ya presha chini ya 90, mapigo zaidi ya 120 bila sababu inayojulikana, au mguu mmoja uliovimba na kuuma, ambao unaweza kuwa na damu iliyoganda. Na kama alianguka, usimsimamishe hadi nyonga ipigwe picha. Mguu uliofupika na kugeukia nje unajitangaza, lakini mfupa uliovunjika bila kuachana hauonekani kwa macho. Dalili ni maumivu ya kinena.

Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga anatakiwa asimamishwe kesho yake, daktari aliyempasua asipokataza. Kungoja kidonda kikauke ndiko kunakoleta vidonda vya mgandamizo na nimonia.

Pima presha amelala kwa dakika 5, kisha akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, anaweza kuanguka akiinuka. Hilo si sababu ya kumnyima mazoezi. Angalia maji mwilini na dawa za presha, kisha mwinue kwa vituo: kaa dakika chache, cheza na vifundo vya miguu, simama.

Hatua ya 4: Mwangalie akifanya

Usiulize "unaweza kusimama?" Mpe dawa ya maumivu nusu saa hadi saa moja kabla, kisha umwone. Mvalishe viatu vya kisigino kilichofungwa, ndala zinateleza. Funga kanga imara kiunoni mwake na ushike hapo. Kumnyanyua kwa makwapa huumiza bega, na kwa aliyepooza upande mmoja kunaweza kulitegua.

Mfuatano ni huu: ajipindue upande, ashushe miguu, akae ukingoni mwa kitanda bila kuegemea kwa dakika moja. Vitanda vya wodini vingi ni virefu. Miguu ikining'inia hatakaa sawa, na utadhani mwili hauna nguvu kumbe hana pa kukanyaga. Weka kigoda chini ya miguu au mhamishie kwenye kiti. Akiwa amekaa, anyooshe goti moja na kulishikilia sekunde 5, halafu jingine. Kisha asimame: sogeza makalio mbele, nyayo zirudi nyuma ya magoti, ainame mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asukume. Kosa la kawaida la wasaidizi ni kumvuta mikono kwenda juu. Uzito unabaki nyuma, anaogopa, anajirudisha kitandani, na anaandikwa "ameshindwa".

Andika aliposhindwa. Anayeanguka upande akiwa amekaa ana shida ya kiwiliwili, kiharusi au kizunguzungu. Anayekaa vizuri lakini hawezi kusimama, mara nyingi ni misuli ya mapaja na maumivu ya magoti, na huyu ndiye anayeitikia mazoezi kuliko wengi. Anayesimama lakini anasahau kilichofuata anahitaji kuelekezwa neno moja moja na kurudiarudia, kwa kitendo halisi: mwambie "twende chooni", usimwambie "inua mguu wa kulia". Usahaulifu peke yake si sababu ya kumkatalia. Mwili hukumbuka njia ambayo mdomo hauwezi kuieleza.

Akiweza kutembea, pima: ainuke kwenye kiti cha urefu wa sentimita 46 hivi, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari ya kuanguka. Wagonjwa wengi wa wodini watavuka hapo kwa mbali, kwa hiyo namba hii kazi yake kubwa ni kulinganisha leo na wiki ijayo. Asiyeweza kutembea, hesabu amesimama na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30, hata kama amejisukuma kwa mikono.

Rudia yote kesho yake, saa tofauti. Tathmini moja ya saa kumi jioni, baada ya usiku wa kelele na bila chakula, haimwamulii mtu maisha.

Hatua ya 5: Anataka nini, na "amekataa" maana yake nini

Muulize yeye, si mwanawe aliyesimama pembeni. Wachache husema "nataka kutembea". Husema wanataka kwenda chooni usiku bila kuamsha mtu, kukaa kibarazani, kuswali hata kwa kukaa, kushika kikombe. Malengo hayo yanapimika na ndiyo yatakayomfanya avumilie maumivu.

Akikataa mazoezi siku mbili mfululizo, chunguza. Huenda yuko uchi chini ya shuka. Huenda fizio ni binti wa umri wa mjukuu wake na anaona haya kushikwa kiuno. Huenda anaogopa kujisaidia akisimama. Huenda ana sonona: muulize kama wiki mbili zilizopita amekosa raha au hamu ya mambo aliyoyapenda.

Hatua ya 6: Amua

Chukua vitanda viwili vya mfano. Cha kwanza, bibi wa miaka 82, nimonia, siku ya tano. Mjukuu anasema kabla ya kuugua alipika, alifagia uwanja na kwenda kanisani kwa mkongojo, akipumzika njiani: ngazi ya 4. Leo anaketishwa na watu wawili. 4AT ni 6: amekosea mwaka (1), siku za wiki ameishia katikati (1), mabadiliko ni ya ghafla (4). Ana mpira wa mkojo na hajapata choo siku tano. Uamuzi ni ndiyo, na kuanzia leo: mpira utoke, tumbo lifunguliwe, mlo wa mchana ale akiwa kitini.

Cha pili, babu wa miaka 74, nimonia vilevile. Binti anasema tangu mwaka jana hatoki kitandani, analishwa, anapaliwa na maji, amebaki mifupa, haongei zaidi ya neno moja: ngazi ya 8. Ukiwatazama kwa mbali wamelingana, na babu ndiye mdogo kwa miaka minane. Kumfundisha kutembea kutamchosha bure. Lakini ana stahili yake: kukalishwa wima wakati wa kulishwa na nusu saa baadaye, kugeuzwa kila saa 2, magoti na viwiko kunyooshwa taratibu visikakamae, na binti kuonyeshwa namna ya kumgeuza bila kujiumiza mgongo.

Walio katikati, ngazi ya 6 na 7, wenye usahaulifu au kiharusi cha zamani, hutaweza kuwaamulia kwa karatasi. Hao wape majaribio yenye mwisho. Tofauti ya kusaidiwa na watu wawili na kusaidiwa na mtu mmoja inaonekana ndogo wodini. Nyumbani ndiyo inayoamua kama mama ataweza kukaa na binti yake au la.

Hatua ya 7: Majaribio ya siku saba

Andika mambo manne kwenye faili kabla ya kuanza: lengo, kipimo cha leo, tarehe ya kupima tena, na majina ya watakaofanya. Mfano: "Ahame kitandani hadi kiti cha choo kwa msaada wa mtu mmoja, leo ni wawili, kupima tena Jumatano, asubuhi muuguzi, mchana fizio, jioni binti yake."

Vipindi viwe vifupi na vingi: dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Kusimama na kukaa mara 5 kabla ya kila mlo kunatosha kuanzia. Kila mlo aule kitini, na choo aende au apelekwe badala ya kuletewa bedpani. Awe anaweza kuongea huku akifanya. Maumivu ya kifua, jasho baridi au kizunguzungu kisichopita, acha na uite daktari.

Bila chakula hakuna misuli. Mzee mgonjwa anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Wa kilo 50 ni gramu 60 hadi 75 kwa siku. Mayai mawili yana 12 hivi, vikombe viwili vya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, dagaa wakavu gramu 30 kama 18. Hesabu hiyo inafika. Uji mtupu asubuhi na jioni haufiki hata karibu. Utiwe maziwa na karanga. Mwenye figo zilizoharibika, daktari aamue kiasi, na aliyekaa siku nyingi bila kula aongezewe taratibu huku madini ya damu yakiangaliwa.

Siku ya saba pima kilekile. Amepanda: endelea na uongeze lengo. Amebaki palepale: kabla ya kusema imeshindikana, hesabu vipindi vilivyofanyika kweli. Kama vilipangwa 14 na vimefanyika vinne, majaribio bado hayajafanyika. Vikiwa vimefanyika vyote, rudi hatua ya 2 uone kilichopita bila kuonekana, upe wiki nyingine moja. Akishuka licha ya matibabu na chakula, badilisha lengo liwe la faraja na uwaambie ndugu waziwazi.

Hatua ya 8: Kabla ya kuruhusiwa

Ndugu ndio watendaji wakuu, na upendo wao huweza kuwa kikwazo: "mzee apumzike", wanamlisha mwenye mikono mizima, wanambeba anayeweza kujikokota. Waeleze kwamba kumsubiri dakika tano avae shati mwenyewe ni sehemu ya tiba. Msaidizi mmoja amhamishe mzee mbele yako angalau mara mbili bila wewe kugusa.

Waulize njia ya kwenda chooni ina hatua ngapi, ngazi, matope, taa. Choo cha shimo kikimshinda, fundi seremala atatengeneza kiti imara chenye tundu na mikono kwa vipimo utakavyompa: urefu wa kukalia ulingane na kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mgonjwa, au uzidi sentimita chache kama mapaja ni dhaifu. Mkongojo ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ulioning'inia. Mrefu kupita hapo humsukuma bega. Gharama zikiwa tatizo, wapeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya kuondoka, si siku hiyohiyo.

Karatasi ya kuruhusiwa iwe na ngazi yake ya kabla ya kuugua, anachoweza leo, mazoezi matatu yasiyozidi hayo, na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Wakija, anza na swali moja kwa msaidizi: jana alisimama mara ngapi?